Vidole vya Bwana Kuroiwa Vinanichelewesha Kazini

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Stesheni ya Hinokubo,

Natumaini mvua hizi za mwezi wa sita zimekukuta mkavu. Mimi zinanikuta njiani kila siku nikikimbia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Siilalamikii treni. Treni yenu ya saa moja na dakika arobaini na mbili huondoka saa moja na dakika arobaini na mbili, na hapo hasa ndipo penye taabu. Ninayemlalamikia ni mhudumu wenu wa jukwaani, Bwana Kuroiwa, yule wa glavu nyeupe.

1. Kila treni ikitaka kuondoka, Bwana Kuroiwa huinyooshea kidole milango na kutamka, "Milango, sawa!" Hugeukia reli: "Njia, sawa!" Najua ndiyo kanuni ya kazi yenu. Lakini binti yangu Wakana, ninayempeleka chekechea kwa treni hiyo, ana miaka minne, hamjamwajiri, na ameshajifunza yote.

2. Nyumbani kwetu sasa hatoki mtu mpaka Wakana akague. "Soksi, sawa! Kofia, sawa! Mwavuli, sawa!" Samaki wetu wa dhahabu hukaguliwa mara mbili kwa kuwa hatulii. Nikimvuta mkono ananiambia, "Abiria, usisukume."

3. Juzi mama mkwe wangu alikuwa anatoka kwenda dukani, akanyooshewa kidole mlangoni: "Bibi, meno... bado!" Kweli, meno yalikuwa kwenye glasi. Tangu hapo ananiuliza, "Hivi mwanangu nilimwoza mke au stesheni?"

4. Mwezi huu nimeikosa treni mara mbili. Msimamizi wetu kiwandani, tunakopanga vyakula vya boksi, amesema nikichelewa mara ya tatu nitahamia zamu ya jioni. Maana yake nitakuwa namwona Wakana akiwa amelala tu. Hapo sitanii, Mheshimiwa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Bwana Kuroiwa atie mikono mifukoni kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili kasorobo. Akishindwa, basi anyooshe kidole kimoyomoyo. Na kama usalama haumruhusu, aongeze jambo moja tu: aelekeze kidole kwetu, ghorofa ya tatu nyuma ya duka la dawa, na treni isiondoke mpaka aseme, "Wakana, sawa!" Abiria mia nane wataelewa. Nao waliwahi kuwa watoto.

Nisalimie wahudumu wote, mama wa kibanda cha tambi, na mbayuwayu waliojenga juu ya saa yenu. Bwana Kuroiwa pia. Sina ubaya naye.

Wako mwenye haraka,
Chinatsu Ushijima

Tanbihi: Leo asubuhi nimeshafunga mlango, barua hii mkononi, Wakana akagoma kwenye ngazi. "Gesi... bado!" Nikamwambia, "Twende bwana, tunachelewa!" "Bado, Mama. Treni haiondoki." Nikarudi nimefura. Sufuria ya supu ilikuwa motoni, imekauka, na mama mkwe amelala chumba cha pili.

Treni tumeikosa, mara ya tatu. Nimempigia msimamizi nikamweleza yote. Akauliza kama Wakana anaweza kuja kukagua majiko ya kiwanda. Zamu yangu imebaki ya asubuhi.

Tafadhali, Bwana Kuroiwa asitie mikono mifukoni hata kidogo. Ila kama mna glavu nyeupe za mtoto wa miaka minne, nitazipitia kesho. Nikiwahi.