Punda wa Kidonda cha Vidole Vinne

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaninyang'anya mteja! Fundi mwashi nimembebea mchanga miaka mitatu. Leo kaniambia mbele za watu kwamba punda wa shemeji anafika upesi, wangu anatembea kama anajipeleka kuzikwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane nimeumia.

Dawa ya shemeji ninayo. Nimepiga simu ofisi ya ulinzi wa wanyama, nimebana pua. Nikasema anamtesa punda wake. Mama wa huko akataka maelezo: jeraha liko wapi, ukubwa gani, punda ana alama gani. Sikuwa nimejiandaa! Nikajibu harakaharaka: bega la kushoto, mkanda unapopita, upana wa vidole vinne, sikio la kulia limechanika. Akaandika yote. Akanishukuru kwa moyo wangu wa huruma.

Jumatano, 6 Machi

Mkaguzi kafika kwa shemeji! Mwanamke mfupi, buti za mpira, kamera shingoni. Nilijipitisha hapo kama nimepotea. Akampapasa punda mbavu, akanyanyua kwato moja moja. Hana hata mkwaruzo. Masikio mazima yote mawili.

Nilidhani atakwenda zake. Akafungua daftari, akasema huenda aliyepiga simu amekosea nyumba, lakini punda yupo, maana maelezo kama haya hayatungwi. Akaanza kupita ua kwa ua, akiulizia sikio lililochanika.

Hapo ndipo nilipotambua nilikuwa nimetaja alama za punda wa nani.

Mbio nyumbani. Nikapaka kidonda rangi ya viatu. Nyeusi. Punda wangu ni wa kijivu. Ngozi yake yote ilitetemeka, lakini hakupiga teke. Heri angepiga.

Mkaguzi akafika kwangu, akaweka rula, akapiga picha. Akapitisha kitambaa cheupe, akanionyesha weusi wake. Akauliza kidonda kilianza lini. Nikasema jana. Mke wangu akasema baba, usituaibishe, ni tangu mvua za mwaka jana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa ofisini. Nikajitetea kwamba sijawahi kumpiga. Mkaguzi akasema sheria haiishii kwenye fimbo. Kumfungia mzigo mnyama mwenye jeraha ni kosa tosha. Punda atapumzishwa wiki tatu kwa mtunzaji mwingine. Nikimfunga tena kabla hajapona, ni mahakamani, na simpati tena.

Kisha akanisomea yale malalamiko, polepole. Akasema mlalamikaji anamjua punda huyu kuliko mwenyewe. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama yale mafua yamepona.

Na mtunzaji? Katika mtaa mzima kaona zizi moja tu la kufaa. La shemeji!

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka mwenyewe. Nilitarajia kejeli, nilikuwa na majibu tayari. Shemeji hakucheka. Alikitazama kidonda, akaniuliza taratibu: shemeji, na huyu alikuwa anavuta hivihivi? Nikamkabidhi kamba.

Nyumbani nikalalamika kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mke wangu akauliza akushukuru kwa lipi.

Jumatano, 13 Machi

Navuta mkokoteni mwenyewe. Bega limechubuka. Fundi mwashi kanisimamisha, kakunja gunia kuukuu, kaliweka chini ya mkanda. Akasema sasa utaona nafuu. Nikaona. Haikuchukua hata dakika mbili. Miaka mitatu yote sikuwahi kumwekea punda gunia.

Nilikaa juu ya mchanga hadi fundi akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni vumbi tu machoni.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kumjulia hali. Kidonda kinafunga. Mbavu hazihesabiki tena. Aliponiona akasogea, akasimama nyuma ya shemeji. Shemeji akajifanya hakuona, akanipa kigoda nikae. Aibu iliyonishika hapo siwezi kuiandika. Nikaapa moyoni nitakuwa mtu mwingine kabisa.

Nikainama, nisionekane uso. Na nilipoinama nikakiona! Punda wa shemeji, ukwato wa nyuma wa kulia, una ufa! Mkaguzi alipitiwa. Shemeji alipokwenda kuchota maji nikaupima: nusu kidole, umeelekea nje.

Kesho napiga simu. Safari hii maelezo ninayo sahihi.