Itifaki Kabla ya Mdundo

"Sasa huyu, kama hapigi ngoma, hapulizi tarumbeta na wala haimbi, hilo jasho ni la kazi gani?"

Swali hilo liliulizwa na Mama Celine, jirani wa Bwana Tobias Luseno pale Kaloleni, siku alipoonyeshwa kwenye simu dijei mmoja akirusharusha kichwa nyuma ya meza ya vitufe. Aliuliza huku akianika nguo, wala hakungoja jibu, akaingia ndani kuangalia maharagwe yake. Lakini Bwana Luseno ni mtumishi wa umma wa miaka ishirini na sita, na swali la mwananchi kwake ni kama kilio cha mtoto kwa mama yake. Hakulala. Miezi minne baadaye bango lilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa likitangaza kuzaliwa kwa Idara ya Midundo Isiyopigwa kwa Mkono, Mkurugenzi akiwa yeye, ili mwananchi asicheze tena bila kujua anachezeshwa na nani na kwa idhini ya nani.

Kazi ya idara ilikuwa kusimamia madijei wa muziki wa dansi wa kielektroniki, ule wa kompyuta. Dijei wa harusi hakuguswa, maana huyo anajulikana: anaweka wimbo, mama mkwe anacheza, wimbo unakwisha, watu wanakaa. Huyu wa kielektroniki hana wimbo unaokwisha. Anauunganisha huu na ule mpaka saa nzima inapita na mtu mwenye adabu hajapata mahali pa kupiga makofi.

Kanuni zilikuwa kumi na nne. Ya tatu ilisema hakuna shughuli itakayoanza kabla ya itifaki kuzingatiwa, yaani mwenyekiti asimame, awatambue wakubwa waliopo na kuwataja kwa vyeo vyao. Ya tisa ilisema kuwa mtu yeyote, awe nani, atakayewafanya watu kumi au zaidi kuinua mikono kwa pamoja, kwa sauti au kwa kitufe, huyo ni dijei mbele ya sheria na sharti awe na cheti. Hii Bwana Luseno aliitunga mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Mchungaji alipouliza kama inamhusu, alijibiwa kwa barua kwamba madhabahu imesamehewa kwa sasa.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Lorine Shitanda, msichana wa miaka ishirini na minne, binti wa fundi wa reli aliyestaafu. Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa apige muziki kwenye ukumbi huo huo, na Hirad, mwandaaji wa tamasha kubwa la Desemba, alikuwa amekubali kuja kumsikiliza. Tamasha lilikuwa limebakiza nafasi moja. Lorine alikuwa ameingoja nafasi kama hiyo miaka mitatu, akipiga kwa mashine za kuazima kwenye sherehe za watoto. Bila cheti hangepanda jukwaani, na asipopanda, Hirad angeelekea mtaa mwingine.

Kamati ikaketi Jumanne. Mwenyekiti alikuwa Bwana Luseno. Mama Awiti aliwakilisha ushiriki wa umma, kwa kuwa sheria inataka umma ushirikishwe na yeye ndiye aliyekuwa anauza dagaa wa omena langoni mwa ukumbi sheria ilipopita. Karani alikuwa Iqra, msichana mpole aliyeandika kila kitu asifute chochote. Wakaomba, wakafungua kikao, na Lorine akaambiwa apige kidogo.

Muziki ukapanda, ukapanda, ukafika juu kabisa, halafu kimya. Bwana Luseno akapiga makofi. Kabla hajashusha mikono, mdundo ukarudi kwa kishindo hata glasi yake ya maji ikatembea peke yake mezani.

"Na hiyo ni nini tena?" akauliza.

"Ni mdundo umerudi, mzee," Lorine akasema. "Unautoa, watu wanaukosa, halafu unawarudishia. Hapo ndipo wanaruka."

"Mimi nilijua umekwisha."

"Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umenyamaza tu."

"Binti, serikalini hakuna tofauti."

Akataka kujua kwa saa moja mdundo hunyamaza mara ngapi. Mara tisa, Lorine akajibu, akidhani anajibu swali la muziki. Mwenyekiti akavua miwani. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba basi hiyo si shughuli moja. Ni shughuli tisa zilizofuatana, na Kanuni ya Tatu inagusa kila moja. Kila mdundo utakaponyamaza, itifaki ianze upya. Mama Awiti akauliza kama ina maana mwenyekiti atasimama mara tisa. Mwenyekiti akasema uongozi ni mzigo.

 Lorine akasema sawa, ila akiuzima, mzee asichelewe na maiki. Akapewa ruhusa ya muda. Cheti chenyewe kingetegemea Jumamosi.

Jumamosi ukumbi ulijaa, mapazia mazito yameshushwa ili taa zionekane. Walikuja mafundi wa jua kali kutoka Kariobangi na mafuta yao kwenye mikono, wakaja washona viatu vya tairi wa Kariokor, wakaja na vijana ambao hawakuwa na sababu ila kelele. Hirad alisimama nyuma amekunja mikono. Lorine akaupandisha mdundo, akaupandisha tena, akauzima. Bwana Luseno akainuka, akafunga kifungo cha koti, akamtambua mwakilishi wa umma, akamtambua karani, akajitambua mwenyewe, na kumaliza: "Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

"Buda, mzee wetu, hebu tuachie ngoma," sauti ikatoka nyuma. Mara ya pili watu waliguna. Lorine akamwona Hirad akitazama saa yake.

Lakini sikio la dijei halilali. Alikuwa amegundua kwamba mzee humaliza kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile inayoshuka, kama mtu anayegonga muhuri. Mara ya tatu akangoja. Neno la mwisho lilipotua, akaachilia besi juu yake. Ukumbi ukaruka wote kama sufuria ya bisi. Mara ya nne watu walimaliza maneno pamoja na mzee. Mara ya sita Lorine alikuwa ameinasa sauti ya mzee kwa kitufe, anaikatakata, itifaki, itifaki, i-i-i-itifaki, na mikono yote ikawa juu.

Bwana Luseno akahisi joto kifuani ambalo hakuwa amelihisi tangu siku alipothibitishwa kazini. Kwenye mzunguko wa saba alimtambua Ndung'u wa viatu vya tairi. Wa nane, alimtambua mama wa chapati na jiko lake. Wa tisa, alivua koti, akalizungusha hewani, na wakubwa akawasahau kabisa.

Mdundo ulipozimika kweli, Hirad alikuja mbele akimwambia Lorine kwamba Desemba anawachukua wote wawili, yeye na mzee wa itifaki, mradi kila mmoja aje na cheti chake.

Iqra akafunua ukurasa. Alisema cheti cha Lorine kiko tayari, kinangoja sahihi. Kisha akasoma kwamba mzunguko wa sita ulikuwa umeinua mikono ya watu mia moja arobaini na mmoja, kwa sauti ya mwenyekiti.

"Chako kiko wapi, Bwana Luseno?"

Mwenyekiti akacheka. Iqra hakucheka. Bwana Luseno akasema yeye ni Mkurugenzi. Iqra akasema Kanuni ya Tisa inasema mtu yeyote, awe nani, na ni mzee mwenyewe aliyemwambia ayapigie mstari maneno hayo. Mama Awiti akaona si vizuri mwombaji aongoze mahojiano yake mwenyewe, akahamia kiti cha katikati, akaomba dua fupi.

"Haya, baba," akasema. "Tuonyeshe mahali mdundo unapotolewa."

Bwana Luseno akazitazama taa ndogo ndogo za mashine. Akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote. Spika zikalia kama nguruwe, kisha ukumbi mzima ukapoteza umeme.

"Hajui," Mama Awiti akasema gizani. "Andika."

Umeme uliporudi, karatasi mbili zilikuwa mezani, na kwa kanuni zake mwenyewe, karatasi zote mbili hutiwa sahihi na Mkurugenzi peke yake. Ya kwanza ilimruhusu Lorine. Ya pili ilimzuia mwombaji Tobias Luseno kushika maiki mbele ya watu kumi au zaidi kwa muda wa mwaka mmoja. Bwana Luseno aliisoma mara mbili. Akauliza kwa sauti ya chini kama matanga yanahesabiwa.

"Umeona wapi matanga ya watu tisa?" Mama Awiti akamuuliza.

Watu walikuwa wanatazama, na Hirad alikuwa ametoa kalamu yake kumsaidia. Akatia sahihi ya kwanza, akatia ya pili. Lorine akachukua cheti, akakikunja, akakitia ndani ya blauzi kama mama anayetoka sokoni.

Ukumbi ukaanza kumwita mzee wa itifaki aseme moja ya mwisho. Mtu akamnyooshea maiki.  Bwana Luseno akamtazama Iqra, ambaye alikuwa ameshika kalamu juu ya ukurasa mpya. Akaokota koti lake sakafuni, akalikung'uta vumbi, akapita katikati ya watu wale wote na kutoka bila kusema neno.