Programu ya Saluni ya Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti
Chuo kimenikubali. Sayansi ya kompyuta, miaka minne. Fomu inataka saini ya mlezi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Shangazi, aliyenilea na mwenye saluni, kasema hasaini mpaka aone kama kazi hiyo naiweza. Kataka programu ya kupanga miadi ya wateja wake. Nikamwambia kesho itakuwa tayari. Binti yake, tunayemwita Profesa, yuko mwaka wa pili wa masomo hayohayo. Kajitolea kunifundisha. Nikakataa. Nifundishwe na niliyemfundisha kuendesha baiskeli?

Jumanne, 5 Agosti
Programu inafanya kazi. Mteja anatuma ujumbe, programu inajibu papo hapo, kwa adabu zote. Programu ni mimi. Nimejifungia stoo na simu, nimekalia ndoo ya shampuu. Shangazi anajisifu kwa kila anayeingia.

Jumatano, 6 Agosti
Nilisinzia. Wateja watatu nikawapa saa ileile, na kiti ni kimoja. Shangazi akawaomba radhi, akasema hata mashine huchoka.

Profesa akanikuta stoo. Nilidhani atanichongea. Badala yake akaketi sakafuni na kompyuta yake, akaandika mistari kumi na mmoja, na majina ya wateja yakajipanga yenyewe kwa saa zao. Akanipa mstari mmoja niubadilishe. Ukagoma. Nikaubadilisha tena, ukakubali. Hapa naandika ukweli: naitaka kazi hii. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Profesa akanisihi nimweleze mama yake leo hii, maana atakasirika kidogo kisha atasaini. Nikasema kesho.

Alhamisi, 7 Agosti
Shangazi mwenyewe kaiandikia programu ujumbe, na programu bado ni mimi, stoo. Eti yeye hajui kompyuta, na watu humdanganya, ila programu haina upendeleo. Je, huyu mwanawe wa kulea ana akili ya kazi hii, au ataenda kupoteza miaka minne?

Hapo ndipo pa kukiri. Nikajibu kwamba mwanawe ana kipaji cha ajabu. Nikaona haitoshi. Nikaongeza kwamba hata walimu wa chuo wangejifunza kwake. Nyuma ya ukuta nikamsikia akilia kwa furaha. Nikalia na mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Saa tano nikampelekea fomu na kalamu. Akanikumbatia. Akasema haina haja tena: programu imemthibitishia kwamba hapo chuoni sina la kujifunza. Asubuhi kapiga simu, nafasi yangu wampe mwingine. Wameshampa.

Nilifungua mdomo niseme. Wateja wakanipigia makofi. Nikaufunga. Profesa alisimama mlangoni, kisha akageuka akaenda zake. Heri angenitukana. Najuta. Neno moja tu la kweli lingetosha, na nilikuwa na siku nne za kulisema.

Jumamosi, 9 Agosti
Sijala tangu jana. Profesa kaniambia naweza kuomba tena mwakani, mradi nimweleze mama yake kila kitu. Nikakubali kwa moyo wote. Nikaenda moja kwa moja saluni kukiri.

Nikamkuta Shangazi na daktari wa meno. Daktari anataka programu kama ile kwa kliniki yake. Kauliza kama inaweza kuhudumia sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nikamwambia inaweza hata tatu. Tunaanza Jumatatu. Sasa hivi natafuta simu ya pili ya kuazima.