Matairi ya Themanini

Jumatatu, 3 Machi
Leo pikapu yangu imeingia dukani. Kwa uso! Mvua ya rasharasha, nikakanyaga breki mapema, gari likaendelea na safari yake bila kunishirikisha mpaka kwenye kibanda cha magazeti. Muuzaji hakupiga hata kelele. Akauliza nataka gazeti gani.

Nikashuka kukagua matairi. Vipara vitupu! Yote manne, kama mkutano wa wastaafu. Na Jumamosi ndiyo mashindano ya kwaya! Mwalimu wa kwaya ametangaza: kati yangu na shemeji, atakayefikisha waimbaji na vyombo vizuri ndiye atakayebeba kwaya mwaka mzima. Barabara kuu mwanzo mwisho, lami tupu. Shemeji ni kaka wa mama watoto, naye ana pikapu. Sitashindwa na mtu aliyeuvalisha usukani wake kitambaa cha kufuma!

Jumanne, 4 Machi
Duka la matairi. Muuzaji akauliza napita wapi zaidi. Mtego! Shemeji alinunua hapohapo matairi yake ya lami, na huyu anataka kunifanya nakala yake. Nikasema napita mitoni, milimani, kwenye tope la kufika kiunoni. Akapitisha kidole chini ya gari. Kikatoka kikavu, bila hata chembe ya tope. Akasema, bosi, mito yako ina maji safi sana.

Akanieleza kwa upole wa daktari: matairi ya lami yana mifereji myembamba ya kutoa maji, hushika barabara ikiloa, hayapigi kelele, hayali mafuta. Yale yenye meno makubwa ni ya matope. Kwenye lami yatanguruma na kuisha upesi. Nikamjibu kwa hotuba. Kwamba busara za namna hiyo ndizo zinazoifanya dunia nzima ifanane! Kwamba tairi lisilo na meno likale uji! Wateja wawili wakapiga makofi. Ningerudije nyuma baada ya makofi? Nimetoka na manne yenye meno, kila jino kama tofali.

Jumatano, 5 Machi
Pikapu imeinuka. Mama watoto hafikii, nimemwekea kreti ya soda kama ngazi. Ameipanda huku ameshika kichwa. Si dalili nzuri.

Tatizo: matairi ni mapya mno, yananiumbua kuhusu ile mito. Nikakoroga ndoo ya tope, nikayapaka kwa brashi ya rangi. Shemeji akapita. Akauliza, shemeji, wenzako wanaosha magari, wewe unalichafua lako kwa mkono? Tena akauliza kama kwaya inakwenda kuimba au kulima. Nikamwambia wivu una dawa, aende hospitali. Akaondoka. Hata kuondoka kwake hakusikiki! Gari lisilo na sauti ni gari la kinafiki.

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio barabara kuu. Mshale wa mwendo ulipofika themanini: vuuuuu! Nikadhani ndege. Nikatoa kichwa dirishani kuitafuta. Nikapunguza mwendo, ndege nayo ikapunguza. Nikasimama, ikatua. Ni matairi.

Mwingine angelia. Mimi nimepata wazo! Nimekwenda kwa mwalimu wa kwaya nikamweleza kwamba matairi yangu hutoa sauti moja thabiti, mazoezi tosha, mwimbaji anafika koo limeshapata moto. Mwalimu huamini chochote kinachotamkwa kwa uhakika. Amenipa mwimbaji kiongozi pamoja na kinanda. Shemeji kapewa ngoma. Ngoma! Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Mwimbaji kiongozi ni mama watoto.

Jumamosi, 8 Machi
Siandiki leo.

Naandika. Njia nzima vuuuuu. Mama watoto akasema nisizidishe themanini, taya zinamtetemeka. Nikatii, mimi ni mume msikivu. Akajaribu kufanya mazoezi. Kila akianza wimbo, matairi yanamvuta chini kama mtoto anayening'inia kwenye kanga.

Ukumbini kinanda kikatoa sauti ya kuanzia. Mama watoto akafungua kinywa, akatoa themanini kamili! Nzito, chini kabisa ya kinanda, wala haiyumbi. Na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi, kwaya nzima ikamfuata! Watu wazima, sare zimepigwa pasi, wananguruma kama lori mlimani. Mpiga kinanda aliitafuta sauti hiyo, akaikosa, akakunja mikono. Jaji mkuu aliinuka akachungulia dirishani kuona ni basi gani limeachwa likiwaka.

Tumekuwa wa mwisho. Shemeji amepewa kazi. Mama watoto amerudi nyumbani kwa gari la kaka yake, na amesema hapandi langu tena mpaka nibadilishe matairi. Amesema kwa sauti ileile nzito. Watu wakageuka.

Jumanne, 11 Machi
Nimesalimu amri. Muuza matairi amekubali tubadilishane. Mwalimu naye amelainika: nikija na gari tulivu, na mama watoto akikubali kupanda, nitapewa safari moja ya kujaribiwa. Nikaondoka asubuhi, mtu mpya kabisa! Kitini kando yangu kinanda cha kwaya, kile cha betri, ambacho hakuna aliyekumbuka kukishusha tuliporudi Jumamosi.

Barabara kuu, kwa udadisi tu, nikabonyeza pale unapoanzia wimbo. Themanini: matairi yako chini. Tisini: yanakaribia. Tisini na tano: sauti ni moja! Kinanda na matairi, mapacha!

Jamani! Kosa halikuwa la matairi. Lilikuwa la mwendo! Nikageuza gari mbele ya duka. Muuzaji alibaki amekumbatia tairi la lami.

Nimerudi nyumbani, nimepiga honi, nimemweleza mama watoto sayansi yote kupitia dirisha la jikoni. Atoke, apande, safari hii twende tisini na tano. Amejibu hapana. Hapana ndefu, ya juu, iliyowatoa majirani nje.

Nikabonyeza kinanda kulinganisha.

Tisini na tano kamili! Ameshakubali, ila hajijui tu.