Bustani ya Shahidi

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeingia katika sayansi. Stéphanie alifika bondeni asubuhi na kamba, vigingi na mifuko ya chokaa. Huyu ni binti anayesoma kilimo chuoni, anakaa katika chumba chetu cha nyuma tangu Februari na ananiita tata, yaani baba. Anataka kujua kama chokaa inaweza kuuponya udongo wa Kolwezi upande wetu huu, ambao ni mchachu na haupendi mboga. Bustani ni nane, kandokando ya kijito, zote za lengalenga, mchicha wetu wa huku. Nne zinapata chokaa. Nne hazipati kitu. Tulipiga kura kwa kuokota karatasi kutoka kofia yangu.

Jirani yangu Kasimu, ambaye zamani alikuwa na malori na sasa ana maoni tu, aliokota chokaa. Mimi niliokota karatasi iliyoandikwa témoin. Yaani shahidi. Nikauliza shahidi wa kesi gani. Stéphanie akanieleza kwa upole kwamba bustani yangu itaonyesha udongo unafanya nini usiposaidiwa, na kwamba bila mimi chokaa ya Kasimu haina maana yoyote. Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa ile sehemu ya Kasimu kutokuwa na maana.

Masharti: maji tu, asubuhi na jioni. Hakuna jivu, hakuna samadi, hata ganda la muhogo. Niliapa mbele ya wote. Mke wangu Mwadi alinitazama nikiapa. Sikupenda alivyotazama.

Jumanne, 20 Mei

Lengalenga za Kasimu: kijani, nene, zimesimama kama wanafunzi wa masista. Zangu: njano. Fupi. Zimeinama kama zimeitwa ofisini.

Kasimu anakuja kunisalimia kila asubuhi kwa sauti ya msibani. Leo aliinama juu ya tuta langu, akasema, "Tata Mbuyu, pole na batoto bako." Nikamjibu kwamba wanachelewa tu.

Stéphanie alipima kwa rula, akaandika, akanigeukia na kutabasamu. Nalijua tabasamu hilo. Manesi wanalo. "Iko muzuri sana hivi, tata," akasema. Kwa majani ya njano. Binti amelelewa vizuri, hataki kunivunja moyo.

Lakini nimemwona akila. Anakula kidogo, anaandika dirishani mpaka Mwadi anamwondolea sahani. Mwezi wa saba atasimama mbele ya maprofesa kutetea kazi yake. Mama yake, anayeuza vitambaa Dilolo na kuvuka mpaka kila wiki, tayari ameshona nguo ya siku hiyo. Akikosa awamu hii, ni mwaka mzima tena. Na yote haya yanategemea lengalenga zangu, ambazo ni aibu.

Binti yetu Ngoyi yuko Lubumbashi. Anapiga simu sikukuu. Simlaumu. Nasema tu kwamba nyumba ilikuwa kimya kabla ya Stéphanie.

Nimeamua kumsaidia.

Ijumaa, 23 Mei

Ijumaa Kasimu huenda msikitini. Bonde linabaki langu. Nilibeba samadi ya kuku wa Mwadi, ile ya zamani iliyokauka, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji pamoja na jivu kidogo, nikanywesha tuta zima polepole.

Kiapo hakijavunjwa. Tulikubaliana maji. Haya ni maji yenye rangi.

Kule kiwandani, nilipokuwa mkuu wa zamu kwenye mashine za kusaga mawe, nilimfukuza mtu kwa kuchezea sampuli. Lakini ile ilikuwa shaba, ilikuwa inakwenda Ulaya. Hizi zinakwenda kwa Stéphanie.

Mwadi aliuliza kwa nini nanuka. Nikasema ni kijito.

Jumamosi, 31 Mei

Ushindi. Lengalenga zangu zimezipita za Kasimu kwa kiganja kizima. Majani mapana kama sahani. Mpita njia mmoja alisimama, akauliza mbegu nimetoa wapi.

Kasimu hanisalimii tena. Leo nilimwona amechota chokaa kwenye mfuko wake akaionja kwa ulimi, kisha akatema, kisha akaionja tena.

Stéphanie yuko Fungurume kwa shangazi yake, anarudi Jumanne. Nimefagia njia ya kwenda bustanini ili aone vizuri.

Jumanne, 3 Juni

Mambo hayakwenda nilivyopanga.

Alisimama mbele ya tuta langu muda mrefu. Akapima. Akapima tena kuanzia upande mwingine. Akaenda kwa Kasimu, akarudi. Kisha akakaa juu ya kidumu cha maji, akaweka rula magotini. Nilikuwa nasubiri pongezi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la unyenyekevu.

Akasema kwa sauti ndogo kwamba amefanya kosa. Labda alichanganya mifuko siku ya kwanza, chokaa ikamwagwa kwangu badala ya kwa Kasimu. Na kama amechanganya hapa, basi huenda amechanganya kote, na bustani zote nane hazina maana. Nikamwambia hakuchanganya. Akauliza nimejuaje. Nikasema ana uso wa mtu asiyechanganya mifuko.

"Profesa anakuja tarehe kumi na nne," akasema. "Nitamwambia nini, tata? Mi mwenyewe sielewe."

Hakula jioni. Alimpigia mama yake, na kupitia mlangoni nilimsikia akisema nguo ingoje kidogo.

Nilikaa uani na kufikiri. Kumwambia ukweli kungemuumiza: angejua kwamba mtu aliyemwamini ndiye aliyemharibia. Hapana. Kuna njia ya kiufundi. Kama tatizo ni kwamba bustani yangu imeipita ya Kasimu, basi ya Kasimu ipandishwe mpaka ipite yangu. Hesabu rahisi. Nashangaa sikusomea uhandisi.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Kasimu alikwenda kuswali na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Nilisubiri apotee barabarani, kisha nikashuka bondeni.

Samadi ya zamani ilikuwa imeisha. Nikachota mbichi, moja kwa moja chini ya kuku. Sikuwa na muda wa kuikoroga na maji, nikaimwaga hivyohivyo kwenye mashina, ndoo mbili nzima. Nikafukia kwa udongo. Kazi safi.

Mchana mke wa Kasimu, Safi, alitutumia sahani ya nyama ya Idi. Yeye mwenyewe ametoka hospitali juzijuzi baada ya kupasuliwa, bado hatembei vizuri, lakini alisimama jikoni kwa ajili ya majirani. Nyama ilikuwa laini. Nilikula kidogo. Mwadi akaniuliza kama naumwa. Hii ni mara ya kwanza ameniuliza hivyo mbele ya nyama.

Jumatatu, 9 Juni

Lengalenga za Kasimu zimeungua. Zote. Majani yamekunjamana na kuwa kahawia pembeni, kama karatasi iliyowekwa karibu na mkaa. Samadi mbichi ina moto wake. Nilikuwa najua hilo. Kila mtu analijua. Ijumaa nilikuwa nimesahau kwa haraka tu.

Nilimkuta amechuchumaa katikati ya matuta, kofia mkononi. Nilijiandaa kwa makelele yake. Hakupiga makelele. Aliniambia kwamba tangu Safi atoke hospitali, kitu pekee anachomeza bila kulazimishwa ni lengalenga, na za sokoni anasema zina mchanga. Kasimu alikuwa akisubiri Stéphanie avune na kupima, kisha ampelekee zake mwenyewe, alizolima kwa mkono wake. "Nilimwambia Safi, ngoja kidogo, zinakuja," akasema. "Alikuwa anauliza kila siku."

Sikujua. Tumekuwa majirani miaka yote hii na sikujua hata mkewe anakula nini.

Nikachuchumaa karibu yake. Nikang'oa magugu. Baada ya muda akang'oa na yeye. Tulisafisha tuta zima la mboga zilizokufa.

Jumatano, 11 Juni

Nilikuwa nimekusudia kumwambia Stéphanie leo baada ya chakula cha mchana. Nimekusudia kweli. Mwadi akanitangulia.

Aliweka bukari, ugali wetu, mezani, akaweka sombe ya majani ya muhogo, akakaa, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba tangu aolewe katika nyumba hii hajawahi kuona banda la kuku likiwa safi hivi. Hadi sakafu inaonekana. Na hakumbuki kumwomba mtu alisafishe.

Stéphanie aliacha tonge mkononi. Akanitazama. Mimi nilitazama sombe.

"Tata," akasema. "Ulitia nini?"

Nikamwambia yote: ndoo ya kwanza ya maji yenye rangi, jivu, zile mbili za Idi. Nikamwambia nilitaka tu asione haya mbele ya maprofesa wake kwa sababu ya majani yangu ya njano. Nilitegemea alie, au ahame. Badala yake aliinuka, akaleta kalamu, akaniuliza siku gani, saa ngapi, kiasi gani, mbichi au kavu. Niliulizwa maswali mengi kuliko polisi wanavyouliza. Alipomaliza aliweka mikono usoni na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwadi akamshika mgongo. Kumbe alikuwa anacheka. Kisha akalia kidogo pia, lakini kidogo.

Akaniambia kwamba yale majani ya njano ndiyo aliyoyahitaji. Yalivyokuwa mabaya, ndivyo chokaa ilivyoonekana ina kazi. "Bustani yako ilikuwa nzuri kuliko zote, tata. Njo maana siku ile nilitabasamu."

Sikulala mchana.

Jumamosi, 14 Juni

Profesa alikuja, mtu mfupi mwenye viatu visivyofaa kwa bonde. Stéphanie alimweleza kila kitu mbele yangu, hakuficha na hakunitaja kwa ubaya. Profesa akanitazama juu ya miwani. Akasema bustani mbili, yangu na ya Kasimu, zinatolewa kabisa. Zinabaki sita, tatu na tatu. Si nyingi, lakini zinatosha, mradi aandike wazi kilichotokea. Akaongeza kwamba mahali pa kuwakagua wakulima ni kwenye banda la kuku.

Walivuna, wakapima kwenye mizani. Zile zenye chokaa zilishinda zisizo na chokaa karibu mara mbili. Stéphanie alisoma namba, akazisoma tena kwa sauti, akakaa chini kwenye majani mabichi na suruali yake safi.

Bustani yangu haikuwa tena ya sayansi, kwa hiyo nikakata lengalenga zote, furushi kubwa mpaka halifungiki, nikazipeleka kwa Kasimu. Nilimweleza pale mlangoni nilichofanya siku ya Idi. Alipokea furushi, nami nikageuka kuondoka. Kisha akaita ndani, "Safi, mboga zako njo hizi." Akanishika mkono wa shati, akanikalisha. Safi alikula sahani mbili. Aliuliza zimekuzwa na nini mpaka zikawa tamu hivi. Kasimu akasema ni maji yenye rangi. Mwadi alishamsimulia Kasimu kila kitu, naona.

Alhamisi, 17 Julai

Stéphanie ametetea kazi yake. Mama yake alifika kutoka Dilolo na nguo kwenye mfuko wa plastiki, akaipiga pasi kwetu saa kumi na mbili asubuhi huku akiimba chini kwa chini. Nguo ya rangi ya chungwa. Ilimkaa.

Tulikaa safu ya tatu: mama, Mwadi, mimi, Kasimu na kanzu yake. Stéphanie alifika kwenye zile bustani mbili, akasema zilitolewa kwa sababu mkulima aliziongezea samadi kwa nia njema. Mmoja wa maprofesa akauliza hiyo nia njema ilipimwa namna gani. Stéphanie akajibu kwamba haikupimwa, kwa kukosa chombo kikubwa cha kutosha. Ukumbi ulicheka. Nikataka kusimama ili watu wamjue mkulima ni nani. Mwadi akashika koti langu kwa nyuma.

Alifaulu, na sifa. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akaniita baba wa pili wa mtoto wake, akasema ameambiwa yote na bado anashukuru. Ilinibidi nitoke nje kuangalia kama kuna mvua. Julai. Hakuna mvua Julai.

Jumatatu, 28 Julai

Stéphanie amepata kazi Fungurume, kwenye shamba la majaribio. Alipiga simu jana, na haikuwa sikukuu. Na leo Ngoyi naye amepiga. Nashuku Mwadi ana mkono hapo.

Habari kubwa ni nyingine. Daktari Yolande wa kituo chetu cha afya anafanya utafiti kuhusu chumvi. Anataka wazee wenye presha. Kundi moja linapunguza chumvi, kundi jingine linakula kama kawaida, na anapima kila wiki. Mimi na Kasimu tumeangukia kundi la kupunguza. Alituomba tusibadilishe kitu kingine chochote. Daktari mzuri, bado kijana, mkanda wa mkoba wake umefungwa kwa uzi, na alipokuwa anatueleza sauti ilimtetemeka kidogo.

Tulirudi nyumbani pamoja. Kwenye kona Kasimu akasema, "Ule mutoto namuhurumia. Kama presha haishuke?"

Nikamwambia nilikuwa nawaza hilohilo.

Tumeelewana. Kila alfajiri tutatembea kwa kasi mpaka kwenye njia ya Nzilo na kurudi. Kitunguu saumu kwa siri. Bia, hapana, kwa upande wangu. Daktari hana haja ya kujua, ana mawazo ya kutosha. Huku si kudanganya. Ni kuusukuma ukweli kidogo mgongoni ili ufike mapema.

Tunaanza kesho saa kumi na moja na nusu. Mimi nitaanza saa kumi na moja kamili. Namba zangu zikishuka kuliko za Kasimu, Daktari atafurahi zaidi.