Safari Hii Bendi Itanitaja

Jumatatu, 4 Machi

Bendi inakuja! Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi ulio nyuma ya stendi, saa nane mchana. Mchana, kwa sababu wanamuziki wenyewe siku hizi wanalala mapema. Siandiki ni bendi gani. Kwangu ipo moja.

Nilianza kuipenda nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina hamsini na miwili na kitambi. Nina kanda zao zote, nyingine nimezinunua mara mbili baada ya redio kuzitafuna. Nimemwandikia Kiongozi barua tano, hajajibu hata moja. Na katika watu wote ambao Kiongozi huwataja katikati ya nyimbo, madereva, wauza mkaa, shemeji zake wote kwa zamu, mimi sijawahi kutajwa hata kwa bahati mbaya.

Kinyozi wa chumba cha pili, jirani na duka langu, ametajwa. Hilo ndilo linaloniua. Miaka kumi na tisa iliyopita alimnyoa Kiongozi ndevu, jioni yake Kiongozi akaimba habari za kinyozi wake wa kona, na ikarekodiwa. Kila mteja akikaa kitini, Kinyozi anaipiga ile kanda. Huwa namwambia kona ziko nyingi duniani na kila kona ina kinyozi. Anacheka tu, anaendelea kupaka sabuni.

Safari hii nitatajwa. Nikikosa nitafunga duka nihame.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo nikiwa napiga mswaki. Mimi si fundi cherehani? Picha za karibuni zinaonyesha Bendi wakipiga muziki na fulana. Fulana! Watu waliokuwa wakipanda jukwaani na makoti ya zambarau yenye kola pana kama mbawa.

Nimempigia simu meneja wao. Ana sauti ya mtu aliyechoshwa na mashabiki. Nikamweleza kwamba nitawashonea makoti manne, mfano wa yale ya zamani. Akauliza mara mbili kama ni bure kweli. Nikasema sharti langu ni moja, Kiongozi anitaje. Akasema hata mara tatu. Halafu akataka kunitumia vipimo. Nikamjibu asijisumbue, hao watu nawajua kuliko mama zao.

Akakata simu. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 6 Machi

Siku nzima nimepima bango. Lipo ukutani dukani kwangu miaka ishirini na sita: wote wanne wamesimama, Kiongozi mbele, mwembamba kama sindano, amekumbatia gitaa. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Gitaa urefu wake unajulikana. Nikaenda kwa mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, nikapima lake, nikarudi nikapima la kwenye bango, nikapiga hesabu. Ukishalijua gitaa, mabega yanakuja yenyewe.

Mke wangu aliniletea chai. Akatazama bango, akatazama karatasi yangu, akauliza kama hao watu hawajala chochote tangu siku ile ya picha. Nikamwambia yeye haelewi muziki.

Ijumaa, 8 Machi

Zambarau ile haipo sokoni. Nimezunguka maduka saba. Ipo kabatini kwa mke wangu, mita kumi na mbili, kaletewa na dada yake kwa ajili ya mapazia ya sebuleni. Nilikaa mbele ya kabati nikijadiliana na dhamiri. Dhamiri ilisalimu amri mapema kuliko nilivyotarajia.

Nimekata juu ya chaki kabisa, bila kuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono. Ziada huacha fundi asiyejiamini.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu amefungua kabati. Hakupiga kelele. Alikuja dukani, akaona mikono minane ya zambarau imepangwa mezani, akasema aha, akaondoka. Heri angepiga kelele. Chakula cha mchana leo nimejipakulia mwenyewe, na hakikuwa kingi.

Kinyozi naye katangaza kwamba siku ya onyesho atakwenda ukumbini na mikasi yake kuwanyoa Bendi wote bure. Huyu mtu ameshatajwa, bado anataka nini?

Alhamisi, 14 Machi

Makoti yamekwisha. Nimeyapiga pasi, nimeyatundika mlangoni. Wapita njia wanasimama. Mama mmoja kaniuliza ni ya kwaya ya shule gani. Nikamjibu kwa upole unaostahili watu wasioelewa.

Kinyozi kaingia, kapapasa kola, kasema kweli nina mkono. Nikaanza kumpenda. Kisha akauliza kama Bendi siku hizi imeajiri vijana wa sekondari. Wivu mtupu.

Jumamosi, 16 Machi

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Saa saba nilikuwa chumba cha kuvalia nyuma ya jukwaa, makoti mkononi, mke wangu nyuma yangu. Alisema amekuja kuangalia mapazia yake. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wazee wanne wanene. Nikawaambia kwa adabu kwamba chumba hiki ni cha Bendi. Wakasema ndio sisi.

Mpiga besi aliingiza mkono mmoja, ukakwama kwenye kiwiko. Ilibidi tumvute watu wawili. Mpiga ngoma alilishika koti lake juu ya tumbo, akaniuliza kama ni leso. Wa tatu hakujaribu kabisa. Kinyozi alikuwa pembeni anampaka sabuni, na alitabasamu tu, jambo ambalo sitamsamehe.

Kiongozi peke yake aliingia ndani ya koti, sijui kwa uchawi gani. Vifungo havikukutana, viliachana shubiri mbili. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Akauliza vipimo nimevitoa wapi. Nikamwambia kwenye bango la mwaka ule. Akasema huyo bwana wa bangoni yeye mwenyewe alikuwa ameshamsahau. Meneja akaja kumsaidia kulivua, akakataa. Nilitaka kulia. Nilikuwa na aibu na furaha kwa wakati mmoja, na sikujua kipi nianze nacho.

Akapanda nalo jukwaani, wenzake na fulana zao. Nyimbo tatu koti likavumilia. Kwenye ya nne, ile ambayo huwa naiimba nikikata suruali, akainua mikono juu kama zamani. Koti likapasuka kuanzia kola hadi kiunoni. Watu wa safu ya nyuma kabisa wamesikia.

Muziki ukaendelea. Kiongozi akashika maikrofoni, akauliza yuko wapi fundi, asimame. Nikasimama. Akawaambia watu kwamba huyu ndiye fundi wa mtaa huu, na kwamba amemshonea yule wa zamani na kumsahau wa sasa. Ukumbi mzima ukacheka. Akaona wamependa, akaitia kwenye kiitikio: fundi, pima, fundi, pima. Wakaimba wote. Mke wangu aliimba kwa sauti kuliko wote.

Nikakaa chini masikio yakiwaka moto. Miaka thelathini na minane nasubiri, ndiyo nimekuja kutajwa hivi.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Kutajwa ni kutajwa. Nimehesabu tena kichwani: mara saba, bila kuhesabu kiitikio.

Kinyozi amekuja kusema kwamba kutajwa kwa kupasua koti hakuhesabiki. Nikamuuliza yeye alitajwa mara ngapi. Akarudi kwake. Kanda leo haikupigwa.

Jumatano, 20 Machi

Mke wangu ameanza kuongea nami. Amesema kwa kuwa mapazia yake yameshapanda jukwaani, sasa yeye anataka gauni. Ameleta kitambaa mwenyewe, cha buluu, kizuri. Akasimama katikati ya duka akanyoosha mikono nimpime.

Nikamwambia akae, asijichoshe. Miaka ishirini na minane tuko nyumba moja, nimpime ya nini? Akaniangalia vizuri, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mwili wake naujua kuliko anavyoujua yeye. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu lile kabati.

Alipokwenda sokoni nilipanda kiti sebuleni nikaishusha picha yetu ya harusi. Ameshika shada la maua, na shada linapimika. Kiuno kimekuja chembamba sana, vile vile ninavyokiona kila siku. Kesho asubuhi nakata.