Tension ya Norbert, Mshipa wa Protais

Redio ilisema mpaka umefungwa tena kwa sababu ya vita, kwa hiyo dawa za kutoka Bujumbura hazivuki. Nilikuwa namimina kahawa pale Kimanga, hapa Uvira, na kwenye benchi walikuwa walewale: Norbert, tunayemwita Tension kwa sababu kila kosa lake analisingizia presha ya damu, Dieudonné, tunayemwita Dokta kwa sababu aliwahi kuchanja mbuzi, na mume wangu Protais, Moyo-wa-Mukono. Mwaka jana, kule India, walimtoa mshipa mkononi wakaushonea moyoni, damu ipite kando ya ule ulioziba.

"Minye mupaka haunisumbue," Protais akasema. "Dawa ya tension nimeacha."

Nikaweka birika chini.

"Wamenipima. Kumi na mbili kwa nane. Ile ni tension ya mutoto wa shule."

"Ni kweli," Dokta akasema. "Mbuzi akipona, unaendelea kumuchoma sindano?"

"Na plaketi ya vidonge iko wapi?" nikauliza.

Protais akatazama kikombe chake. Norbert akatazama ziwa.

"Nilimusaidia ndugu," Protais akasema. "Dawa yetu ni moja, na yake iliisha. Yeye iko na tension ya kweli."

"Kumi na nane," Norbert akasema, kwa fahari kidogo.

"Baba Délice," nikamwambia mume wangu, "weye hawakukupa ile dawa juu ya tension. Muganga alieleza nikiwa pale. Mushipa wa mukono iko na nyama nyingi, imezoea kujikaza. Baridi, inajikaza. Woga, inajikaza. Dawa inaiambia ilegee. Ikijikaza mule moyoni, damu haipite, minye nabaki mujane."

"Lakini sasa iko ndani ya kifua," Dokta akasema. "Itajuaje kama kuko vita?"

"Imekaa Uvira maisha yote," nikasema. "Unafikiri haijue mulio wa bunduki?"

Dokta akafikiri. Kwa mbuzi hakuwahi kukutana na jambo hilo.

"Basi yeye ni mugonjwa wa woga, minye ni mugonjwa wa damu," Norbert akasema, mkono juu ya mfuko wa shati. "Mwenye haki ni nani?"

"Haki gani, Norbert?" nikasema. "Weye unakunywa dawa siku ukikumbuka."

"Kukumbuka sana kunapandisha tension."

Hapo bunduki zikalia upande wa mlimani, karibu kuliko jana. Dokta akaondoka na kikombe changu. Norbert, ambaye kukimbia ndiyo tiba pekee asiyoiruka, akawa ameshafika kona. Nikamvuta Protais, hakuinuka. Alikaa mkono kifuani, anasikiliza, kama mtu anayegongewa mlango na hajui ni nani.

Norbert akarudi. Alikuja ameinama, akiambaa ukuta, akipumua kama mvukuto. Akatoa plaketi mfukoni, akabandua kidonge, akakitia mkononi mwa Protais. Kingine akameza mwenyewe. Maji hayakuwapo, wakashushia kahawa.

Plaketi nikaipokonya, nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Kesho wote wawili munakunywa mbele yangu," nikasema. "Ikiisha, tutatafuta pamoja. Sasa inukeni."

Tukamwinua, Norbert kulia, mimi kushoto, tukashika njia ya mtaa wa Songo polepole, kwa sababu mshipa ule hautaki haraka.

"Norbert," Protais akasema, "si ulikuwa umeshafika kona?"

"Nilifika," Norbert akasema. "Nikakumbuka dawa."